Daftari la Kuhama Nyumba

Mwezi wa Aprili 2019 tulihama kutoka Tabata kwenda Goba, na siku ya tatu baada ya kufika, nikiwa nimeketi juu ya godoro ambalo bado lilikuwa linanuka unyevu, nilifungua daftari la matumizi ya nyumbani nikaanza kuandika kila shilingi iliyotutoka kwa sababu ya kuhama. Nilikuwa nimetenga laki tatu. Niliamini kwamba gharama ya kuhama ni gari na vijana wa kubeba mizigo, na kwa hesabu hiyo laki tatu ilipaswa kutosha na kubaki. Jumla niliyoipata mwishoni mwa ukurasa ilikuwa shilingi 1,022,000, bila kuhesabu kodi ya pango ya miezi sita wala amana aliyoishika mwenye nyumba.

Ukurasa ule bado ninao. Dalali alichukua 220,000, yaani kodi ya mwezi mmoja, kama ilivyo desturi ya Dar es Salaam. Kabla ya hapo tulikuwa tumelipa 10,000 kwa kila nyumba tuliyoonyeshwa, na nyumba zilikuwa saba. Canter ilikuwa 130,000, vijana 60,000, na kwa kuwa mvua za masika zilikuwa zimeharibu njia ya kupandia mlimani, gari lilikwama, tukalazimika kukodi bajaji za mizigo kumalizia safari kwa 45,000. Kabati la mbao za kubandika lililowa likavimba milango, na jingine lilitugharimu 180,000. Mapazia mapya yalikuwa 95,000 kwa sababu madirisha ya nyumba mpya yalikuwa mapana kuliko ya Tabata. Vitasa vilikuwa 40,000. Deni la maji lililoachwa na mpangaji aliyetutangulia lilikuwa 64,000. Nusu mwezi wa kodi ya Tabata, nyumba ambayo hatukuwa tunaishi tena, ulikuwa 100,000. Umeme tuliouacha kwenye mita ulikuwa wa 18,000.

Niliutazama ukurasa huo kwa muda mrefu. Gari, bajaji na wabebaji kwa pamoja vilikuwa 235,000, kiasi ambacho hakifiki hata robo ya fedha yote. Hata hivyo, kwa wiki nzima kabla ya kuhama, mimi na mume wangu tulikuwa tumehangaika kumpunguza dereva wa Canter kutoka 150,000 hadi 130,000, tukajipongeza kwa kuokoa 20,000, huku mamia ya maelfu yakitutoka kupitia milango ambayo hakuna aliyeilinda. Tangu hapo nimeshika jambo moja: fedha ya kuhama hupotea zaidi katika wiki za kabla ya gari kuja na katika hali ya nyumba unayoiendea, kuliko siku yenyewe ya kupakia. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na mimi habari niliipata kwa kuchelewa.

Nafasi ya kujirekebisha ilikuja mwaka 2023, mume wangu alipohamishiwa kituo cha kazi Kigamboni. Safari hii tulijua miezi mitatu kabla, na nataka kueleza kwa kirefu tulichofanya, kwa kuwa nawaona ndugu na majirani wakirudia makosa yaleyale ya Aprili 2019.

Nianze na dalali, kwa sababu ndiye mlango mpana kuliko yote. Simlaumu dalali kwa kufanya kazi. Mtu aliyefika mjini jana, asiyejua mitaa wala asiyekuwa na muda, anamhitaji. Tatizo ni kumwendea dalali ukiwa umebakiwa na siku kumi. Mtu mwenye siku kumi hawezi kukataa nyumba, hawezi kukataa bei, na hulipa kila anachoambiwa. Sisi tuliitumia miezi ile mitatu kutafuta wenyewe. Kila Jumamosi mume wangu alipokuwa akitoka kazini alitembea mtaa mmoja wa Kigamboni kwa miguu, akazungumza na wauza maduka, na mama wauza chakula, na mafundi ujenzi. Fundi ujenzi anajua nyumba ipi inamaliziwa na ipi ina nyufa, na mwenye duka anajua nani amefunga virago wiki iliyopita kabla kibao cha “inapangishwa” hakijawekwa mlangoni. Nyumba tuliyoipata tuliambiwa na mama muuza maandazi. Tulimpa 50,000 kama shukrani, naye hakuwa ameomba chochote. Nauli zote za kutafuta zilikuwa 24,000.

Kuna jambo la kuangalia unapotafuta mwenyewe: uhakikishe unayezungumza naye ndiye mwenye nyumba kweli. Sisi tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, tukauliza, kisha mkataba tukausaini mbele ya mtendaji, pakiwa na shahidi wa kila upande. Fedha ya kodi tuliipeleka benki kwenye akaunti yenye jina lilelile lililo kwenye mkataba, ili stakabadhi iwepo na pasiwe na mtu wa kati.

Kuhusu kodi yenyewe, wapangaji wengi hatujui kwamba masharti ya kulipa miezi sita au mwaka mzima ni makubaliano tu. Tanzania ilikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, nayo ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na muda wa malipo vimekuwa mambo ya mwenye nyumba na mpangaji kuelewana. Hilo linatuumiza, kwa kuwa hakuna anayemzuia mwenye nyumba kudai mwaka mzima. Lakini pia linamaanisha kwamba kuzungumza kunaruhusiwa. Mwenye nyumba wetu wa Kigamboni ni mama mtu mzima, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alikuwa anataka miezi sita kwa 200,000 kila mwezi.

“Shikamoo mama,” nilimwambia siku ya pili, “nyumba tumeipenda, lakini kwa sasa tuna miezi mitatu mkononi.”

“Marahaba mwanangu. Mimi mitatu sipokei, watu wananisumbua.”

Nilimweleza kwamba chumba cha nyuma kinahitaji rangi na sinki la jikoni linavuja, kwamba shemeji yangu ni fundi bomba, na kwamba tungefanya kazi zote mbili wenyewe, yeye anunue rangi na vifaa tu. Alifikiri mpaka jioni, kisha akakubali miezi mitatu, na jambo hilo tukaliandika kwenye mkataba. Miezi mitatu badala ya sita ilituachia 600,000 mkononi wakati ambao fedha taslimu ilikuwa na thamani kubwa kuliko wakati wowote mwingine. Fedha hiyo haikupungua kwenye deni letu la mwaka, naomba nieleweke. Tulikuja kuilipa Novemba. Ila hatukukopa ili kuhama, na mkopo wa haraka ni gharama nyingine ambayo watu hawaiandiki kwenye hesabu ya kuhama ingawa hutokana nayo.

Jambo la tarehe nalo lina fedha nyingi ndani yake. Kodi yetu ya Goba ilikuwa inakwisha tarehe 10 Agosti. Tulimpa mwenye nyumba notisi ya maandishi mwezi mmoja kabla, kama mkataba ulivyotaka, na huko Kigamboni tukaomba mkataba uanze tarehe 8 Agosti. Siku mbili za kuingiliana zilitosha kabisa. Mwaka 2019 tulikuwa tumelipia siku kumi na tano bure kwa sababu dalali alituambia kwamba tusipolipa leo nyumba inaondoka kesho. Agosti pia ni kiangazi, barabara za mchanga zinapitika na godoro linafika kavu. Siwezi kumshauri mtu mwenye hiari ya kuchagua ahame kati ya Machi na Mei, wala mwisho wa mwezi, kipindi ambacho mikataba mingi inakwisha kwa pamoja na madereva wa Canter wanajua kwamba huna pa kwenda. Tarehe 8 Agosti ilikuwa Jumanne, Sikukuu ya Nane Nane. Mume wangu hakutumia siku ya likizo, na barabara zilikuwa nyeupe.

Sasa niseme kuhusu mita, kwa sababu hapa ndipo mpangaji mgeni hurithi madeni ya watu asiowajua. Umeme wa LUKU, yaani wa kulipia kabla, ukishauingiza kwenye mita haurudi. Namba zile ishirini unazopewa ukinunua ni za mita hiyo moja, na unit zilizobaki ni zawadi kwa anayekuja. Wiki tatu za mwisho tulinunua umeme wa 3,000 au 5,000 kila ulipokwisha, na siku ya kuondoka mita ilikuwa na unit mbili. Kwenye nyumba mpya, kabla ya kulipa kodi, tulimwomba mama mwenye nyumba atuonyeshe risiti za LUKU za miezi iliyopita, kwa sababu risiti huonyesha makato. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU, na ingawa kodi hiyo ni ya mwenye nyumba, anayenunua umeme ndiye anayekatwa. Kwa nyumba ya kawaida makato hayo yalikuwa 1,500 kwa mwezi kuanzia mwaka wa fedha wa 2023/2024. Ni kiasi kidogo, lakini ikiwa aliyetangulia hakununua umeme kwa miezi kadhaa, makato hulimbikizwa, na wewe unayenunua umeme wa 10,000 siku ya kwanza unajikuta umepata sehemu yake tu. Tulikubaliana kwamba makato yote tutayajumlisha na kuyatoa kwenye kodi ya pango. Kwa upande wa maji, tuliomba bili ya mwisho ya DAWASA tukasoma mita pamoja naye na kuipiga picha. Dakika ishirini za kazi hii zingeniokolea 64,000 mwaka 2019.

Nije kwenye mizigo, sehemu iliyonifundisha mengi kuliko nyingine, kwa kuwa inagusa moyo. Tulikuwa na kochi kubwa la watu saba tulilolinunua tulipooana. Nilipokwenda kupima sebule ya Kigamboni kwa futi ya fundi cherehani, niliona kwamba kochi lingeingia iwapo tu tungetoa meza, na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko kochi kwa kiasi cha kiganja. Mume wangu alisema tulibebe, tutajua hukohuko. Nilimwonyesha hesabu: bila kochi, kabati la zamani na friji bovu lililogeuzwa kuwa stoo ya unga, mzigo wetu ungeingia kwenye Canter moja, safari moja; tukivibeba vyote, zingekuwa safari mbili kutoka Goba hadi Kigamboni, na hatungekuwa na pa kuviweka. Tuliviuza kwa wiki sita, bila haraka, kupitia status za WhatsApp na kwa majirani. Kochi lilikwenda kwa 200,000, kabati 60,000, na friji bovu lilichukuliwa na fundi kwa 30,000. Laki mbili na tisini hizo ndizo zilizolipia sehemu kubwa ya safari. Anayeuza siku ya mwisho, gari likiwa limewashwa, huuza kwa bei ya kugawa, na mara nyingi hugawa kweli. Nguo na vyombo ambavyo hatukuvitumia kwa mwaka mzima tuliwapa ndugu, na nilishangaa kuona magunia manne yamepungua.

Kwa kufungia, sikununua kitu. Maboksi niliyaomba kwenye duka la jumla ambako tunanunua sabuni na mafuta, nikawahi kabla hawajayauza. Sahani nilizifunga kwa kanga na taulo, glasi nilizichomeka ndani ya soksi, na nguo tulizitia kwenye viroba vya unga. Kila boksi niliandika kwa kalamu nene chumba linakokwenda na kama lina vitu vya kuvunjika, ili wabebaji wasiulize na wasirudie kazi. Kitanda tulikifungua wenyewe baada ya kukipiga picha kila upande, na misumari na nati zake tukazitia kwenye kopo la maziwa nililolibeba mwenyewe mapajani. Mwaka 2019 tulipoteza nati mbili, tukamlipa seremala kwa kosa la nati mbili.

Friji letu linalofanya kazi lilisafiri likiwa limesimama. Fundi aliwahi kunieleza kwamba likilazwa, mafuta ya kompresa huhama, na likiwashwa papo hapo kompresa huweza kuungua. Kwa hiyo hata baada ya kusafiri wima tuliliacha mpaka asubuhi kabla ya kuliwasha. Mtungi wa gesi tuliufunga, tukatoa regulata, tukausimamisha na kuufunga kamba kwenye bodi la wazi la gari, mbali na chumba cha dereva.

Gari tulikodi kwa 150,000. Dereva alikuwa ametajwa na jirani aliyewahi kumtumia, jambo ambalo kwangu ni bora kuliko bei ya chini ya mtu usiyemjua. Alikuja Goba siku kumi kabla, akauona mzigo kwa macho yake, tukakubaliana mambo yote na kuyaandika kwenye ujumbe wa simu: mafuta ni yake, ushuru wa Daraja la Nyerere uko ndani ya bei, kusubiri kupakia na kushusha hakulipiwi zaidi, na barabara ya mwisho ya mchanga ameshaelezwa. Nilimtumia 50,000 ya kutangulia. Mafuta kwa kawaida hutangazwa bei na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Jumatano ile ya tarehe 2 Agosti yalipanda sana. Dereva alinipigia akilalamika, na nilimwelewa, kwa maana hasara ilikuwa yake kweli. Lakini aliheshimu maandishi. Siku ya kushusha nilimwongezea chakula na shukrani, na namba yake nimeshawapa watu watatu.

Mtu wa chumba kimoja hahitaji Canter. Kirikuu kimoja, kile kigari kidogo cha mizigo, kinatosha, na akihamia mtaa wa pili hata guta la magurudumu matatu linatosha. Nimeona kijana akilipa gari kubwa kwa godoro, jiko na mabegi mawili, kwa sababu tu gari hilo ndilo lililokuwa kijiweni.

Wabebaji walikuwa wawili kwa 20,000 kila mmoja, wakisaidiwa na shemeji yangu na binamu wa mume wangu. Niliwapikia wote pilau ya 22,000. Ndugu wanaokuja kukusaidia ni lazima walishwe vizuri. Ukiwaita kwa ajili ya kuokoa fedha kisha ukawaacha na njaa, hiyo ni dhuluma. Watoto tuliwapeleka kwa bibi yao tangu usiku wa kuamkia siku ya kuhama, na saa kumi na mbili asubuhi gari lilikuwa mlangoni. Kufikia saa sita mchana tulikuwa tumemaliza kushusha.

Baada ya kufika, gharama zilizobaki zilikuwa ndogo kwa sababu zilikuwa zimepimwa. Upana wa madirisha nilikuwa nao kwenye daftari, hivyo fundi cherehani alishona upya mapazia ya Goba kwa 15,000. Vitasa hatukununua vipya. Tulibadilisha moyo wa kitasa wa milango miwili kwa 24,000, kwa kuwa hatukujua nani bado ana funguo za zamani. Fundi wa dishi alichukua 20,000. Jumla ya kuhama Kigamboni ilikuwa 345,000, na ukiondoa fedha ya vitu tulivyouza, mfukoni zilitoka 55,000.

Lilibaki suala la amana. Mwenye nyumba wa Goba alikuwa ameshika 200,000 kwa zaidi ya miaka minne, na watu waliniambia niisahau. Lakini siku ya kuingia, Aprili ile ya mvua, jambo moja nililolifanya sawasawa lilikuwa kupiga picha kila ukuta, kila dirisha na kila swichi, na siku ya kutoka tulifagia, tukapiga deki, nikapiga picha zilezile tena mbele yake. Tulizipitia pamoja kwenye simu, chumba kwa chumba. Alikata 8,000 za kioo cha bafuni ambacho mwanangu alikipasua kwa mpira, na baada ya wiki tatu akanitumia 192,000 zilizobaki.